Resilience4j: miaka miwili nikiitumia kwenye huduma inayotegemea huduma za watu

Resilience4j ni laibrari ya Java, yaani kodi iliyoandikwa tayari, ya kuilinda programu yako pale huduma inazozitegemea zinapogoma au kuchelewa. Nianze na kazi tunayoifanyia, maana rivyu ya laibrari bila kujua mtu anaitumia wapi haisaidii. Tuna huduma ya kukata tiketi za safari. Mteja anaona kitufe kimoja tu, Lipia, lakini nyuma ya hicho kitufe kuna huduma tano zinaitana: ya kushika kiti, ya kupiga hesabu ya nauli, ya malipo, ya kutoa tiketi yenyewe na ya kutuma ujumbe wa simu. Ya nauli ndo ya kwetu, nne zilizobaki ni za watu, patna wetu, seva zao hatuzigusi na hatujui wanadiploi (wanaweka toleo jipya hewani) saa ngapi. Sasa chukulia kila moja inatimiza ahadi ya kuwa hewani asilimia 99.9 ya muda, ambayo ni kama dakika 43 za kuzima kwa mwezi wa siku 30, si mbaya hata kidogo. Ziunge tano kwa mnyororo, zote lazima zijibu ndo mteja apate tiketi yake, unabaki na 99.5, yaani saa 3 na nusu na ushee kila mwezi mteja wako anagonga mwamba na hakuna hata patna mmoja aliyevunja ahadi. Hiyo hesabu ndo ilinifanya nianze kutafuta kitu cha kushughulikia hitilafu kwa utaratibu badala ya kuzungushia try na catch, zile amri za Java za kudaka kosa, kila kona.

Na mara ya kwanza tulipoanguka vibaya hakuna huduma iliyokuwa imekufa. Ile ya ujumbe wa simu, ambayo siku zote inajibu ndani ya robo sekunde, ilianza tu kuchelewa, na sisi klayenti yetu ya HTTP, ile sehemu ya programu inayoita huduma za wengine mtandaoni, tulikuwa tumeiwekea taimauti, yaani muda wa mwisho wa kusubiri jibu, ya sekunde 30. Tuko kwenye Tomcat, seva ya programu za Java, difolti yake, yaani mpangilio inaokuja nao, ni tredi 200, kila tredi inashughulikia rikwesti (ombi) moja kwa wakati. Rikwesti zinaingia kama 10 kwa sekunde, kila moja ikifika kwenye hatua ya mwisho ya kutuma ujumbe inakwama nusu dakika, piga hesabu, ndani ya sekunde 20 tredi zote 200 zimekaa zinasubiri ujumbe. Ukurasa wa kuangalia ratiba, ambao hauna uhusiano wowote na ujumbe, ukaacha kufunguka. Viti vipo, malipo yanaenda, tiketi zinatoka, ila mfumo mzima umelala kwa ajili ya ujumbe wa kumtakia mtu safari njema. Nilipotoa dampu ya tredi, orodha ya kila tredi inafanya nini wakati huo, nikakuta mstari ule ule unajirudia ukurasa baada ya ukurasa, socketRead0, socketRead0, socketRead0, yaani inasubiri kusoma jibu la mtandao, zote zimeelekea anwani moja. Mpaka leo mtu akiniambia huduma yake haijawahi kuzima kwa hiyo hana wasiwasi huwa namuuliza je, imeshawahi kuchelewa?

Kipindi hicho wengi walikuwa bado wanataja Hystrix ya Netflix, laibrari ya kazi hii hii, ile waliyoiachia hadharani mwaka 2012, na kwa kweli ndo iliyotufundisha wengi haya mambo. Lakini 2018 Netflix wenyewe walitangaza kwamba hawaiongezei tena kitu kipya, na kwenye ukurasa wake wakaelekeza watu wenye miradi mipya waangalie vitu kama Resilience4j, basi ndo nikaja huku. Ni laibrari ya Java, ya bure, leseni ya Apache 2.0, na kitu cha kwanza nilichokipenda ni kwamba imekatwa vipande vipande, unachukua unachotaka tu. Unataka fyuzi peke yake chukua CircuitBreaker, unataka kurudia chukua Retry, kuna Bulkhead, RateLimiter (kikomo cha idadi kwa muda), TimeLimiter (kikomo cha muda wa kusubiri), kila kimoja kinasimama chenyewe na unavivalisha kwenye simu unayopiga kwa patna, yaani kila mara programu yako inapoita huduma yake, kama mtu anavyovaa shati kisha koti. Ila shika hilo la shati na koti, maana kipi kiko ndani na kipi kiko nje ndo kulikotugharimu, nitafika huko.

Bulkhead ndo naisifia kuliko zote na nashangaa watu wanairuka wanakimbilia fyuzi. Jina linatoka kwenye meli, zile kuta za ndani zinazogawa tumbo la meli vyumba vyumba ili maji yakiingia chumba kimoja yasifike kingine. Kwenye kodi ni kitu kidogo mno, unasema simu za kwenda huduma ya ujumbe ziwe 10 tu kwa wakati mmoja, ya 11 ikija inakataliwa papo hapo, maana difolti ya muda wa kusubiri nafasi ni sifuri. Sisi tuliweka 10 kwa ujumbe. Rudi kwenye ile siku ya tredi 200: patna angechelewa vile vile, tredi 10 zingekwama, 190 zingeendelea kuuza tiketi, na huyo wa 11 ujumbe wake ungeingia kwenye foleni ya kutumwa baadaye wakati tiketi yake anayo tayari. Difolti ya Bulkhead ni 25 kwa hiyo hata usipogusa kitu bado unalindwa kiasi, lakini kaa na namba zako uone, huduma inayojibu kwa robo sekunde na inapata simu 10 kwa sekunde inahitaji nafasi 2 au 3 tu siku za kawaida, 10 ni nyingi za kutosha. Tangu tuiweke hiyo patna wa ujumbe amechelewa tena mara kadhaa na wateja hawakujua.

Sasa fyuzi yenyewe, CircuitBreaker. Wazo ni la umeme, hitilafu zikizidi inakata, kwa muda fulani simu haziendi kabisa kwa patna, mteja anapata jibu haraka badala ya kusubiri na patna naye anapata nafasi ya kupumua, halafu inaruhusu simu chache za kujaribu, zikipita inarudisha, zikishindwa inakata tena. Inafanya kazi vizuri sana, sina neno. Neno langu ni difolti. Inaangalia simu 100 za mwisho, ikikuta asilimia 50 zimeshindwa inakata, inakaa sekunde 60, kisha inaruhusu 10 za majaribio. Sawa kwa mtu mwenye trafiki kubwa. Lakini kuna kipengele kinaitwa minimumNumberOfCalls nacho difolti yake ni 100, maana yake haitafanya hesabu ya asilimia yoyote mpaka iwe imeona simu 100. Sisi patna wa viti usiku anapata simu kama 3 kwa dakika. Mia gawa kwa tatu, dakika 33! Nusu saa nzima baada ya seva kuwashwa upya patna amekufa kabisa, kila simu inashindwa, na fyuzi imetulia imejifunga kama hakuna kilichotokea, nami niko kwenye dashibodi naangalia neno CLOSED, yaani simu bado zinapita, nikidhani nimekosea kuiunganisha. Haikuwa imekosewa, ilikuwa inasubiri itimize mia. Tukashusha dirisha, ile idadi ya simu za mwisho inazoangalia, liwe 20 na kima cha chini 10, ndo ikaanza kufanya kazi niliyoinunulia, ingawa sikuilipia.

Jambo la pili kwenye fyuzi, na hili naomba mtu asilipite: difolti kila eksepsheni, ile ishara ya kosa inayorushwa ndani ya Java, inahesabiwa kuwa ni hitilafu. Kila moja. Sasa patna wa malipo akikujibu kwamba kadi ya mteja haina salio, hilo si kosa la patna, yeye kafanya kazi yake vizuri na kwa haraka, lakini klayenti ya HTTP ya Spring, ile fremuwaki ya Java tunayotumia, ikiona jibu la 4xx (msimbo wa kusema ombi lina tatizo) inarusha eksepsheni, na fyuzi inaiandika kwenye hesabu ya hitilafu. Kwetu ilitokea kipindi cha mwisho wa mwezi, watu wengi wanajaribu kulipa na salio hakuna, asilimia 50 ikavukwa, fyuzi ikakata malipo kwa sekunde 60, na wale wenye hela zao kamili nao wakazuiwa. Dawa ipo na ni rahisi, kuna ignoreExceptions, unaitajia zile ambazo ni jibu halali la biashara isizihesabu kokote. Lakini lazima ukae chini kwanza na nyaraka za kila patna ujue lipi ni jibu la hapana na lipi ni kushindwa kweli. Kadi kukataliwa, kiti kimeshachukuliwa, namba ya simu si sahihi, hizo ni hapana. 503, 504 (misimbo ya seva kuzidiwa au kutojibu kwa wakati), muunganisho umekatika, huko ndo kushindwa. Patna wengine wanakuchanganya, wanakupa 200, msimbo wa mambo sawa, halafu ndani ya JSON, maandishi ya jibu lenyewe, wameandika status ERROR, hapo fyuzi inaona mambo safi kabisa, inabidi wewe mwenyewe usome ndani ya jibu na urushe eksepsheni yako. Kazi hiyo hakuna laibrari itakayokufanyia. Enzi za SOAP, mtindo wa zamani wa huduma kuzungumza kwa XML, angalau hitilafu ilikuwa na bahasha yake, Fault, na ndani yake kuna msimbo na sababu, ulijua hii ni hitilafu. Siku hizi kuna kiwango cha intaneti, RFC 9457 ya mwaka 2023, kinachopanga namna ya kueleza hitilafu kwenye JSON, type, title, status, detail, ukipata patna anayekifuata mshukuru.

Haya, Retry. Hapa ndo koti na shati.

Difolti inajaribu mara 3, na hiyo 3 inajumlisha ile ya kwanza, kwa hiyo marudio halisi ni mawili, katikati inasubiri nusu sekunde ile ile kila mara. Ukitumia anotesheni za Spring, zile alama za @ unazoweka juu ya mbinu (kipande cha kodi kinachoitwa kwa jina), mpangilio wa difolti unaweka Retry nje kabisa, ndani yake CircuitBreaker, ndani yake RateLimiter, kisha TimeLimiter, kisha Bulkhead, halafu ndo simu yenyewe. Mpangilio wenyewe una akili. Tatizo linakuja unapoweka fallbackMethod, ile mbinu ya akiba ya kujibu mambo yakishindikana. Sisi tuliiweka kwenye anotesheni ya CircuitBreaker kwa sababu mifano mingi ndo inaonyesha hivyo. Nini kinatokea: simu inashindwa, fyuzi iko ndani inaita fallback, fallback inarudisha jibu zuri, Retry iliyoko nje inaona jibu zuri basi inatulia. Miezi mitatu tuliamini tunarudia mara 3 na hatukuwahi kurudia hata mara moja. Tuligundua kwa kuhesabu tu kwenye logi, kumbukumbu ya matukio ya seva, hitilafu moja rikwesti moja, hitilafu moja rikwesti moja. Fallback ikae kwenye ya nje kabisa, kwa Retry. Na ukiihamishia huko kumbuka fyuzi ikiwa imekata inarusha CallNotPermittedException, nayo Retry kwa difolti itairudia kama nyingine, haina faida yoyote kurudia kitu kilichokataliwa hapo hapo kwako, iweke kwenye orodha ya kupuuzwa.

Na kama una tabaka zaidi ya moja angalia kuzidishana. Huduma yako inarudia mara 3, unayoiita nayo ndani inarudia mara 3 kwa mwingine, naye mara 3, ile ya chini kabisa ambayo tayari inazidiwa inapigwa mara 27 kwa kubofya kumoja kwa mteja. Chagua tabaka moja la kurudia, zingine zishindwe haraka. Halafu washa kuongeza muda kati ya marudio na kuuchanganya kidogo, vyote viwili vipo kwenye mipangilio, enableExponentialBackoff na enableRandomizedWait, bila hivyo seva zako zote zinasubiri nusu sekunde ile ile na zinamrudia patna kwa pamoja kama watu wanaosukuma mlango kwa kuhesabu moja mbili tatu.

Sasa nifike kwenye kilichoniuma, na ndo sababu hasa ya kuandika. TimeLimiter difolti yake ni sekunde 1. Malipo kwa patna wetu siku ya kawaida yanachukua sekunde 3 mpaka 8. Mwenzetu mmoja aliivalisha TimeLimiter na Retry kwenye simu ya malipo bila kubadilisha namba, ikapita majaribio kwa sababu kwenye majaribio patna wa uongo anajibu papo hapo. Logi ya mteja mmoja ninayo kichwani mpaka leo. 14:02:11.0 rikwesti ya malipo imetoka. Sekunde moja, imekatwa. 14:02:12.5 imetoka tena. Imekatwa. 14:02:14.0 imetoka ya tatu. Imekatwa, na mteja akaandikiwa kwenye skrini Samahani, malipo yameshindikana. Kwa patna huko, ya kwanza ilipita, ya pili ikapita, ya tatu ikakataliwa kwa sababu salio lilikuwa limeisha. Mtu kakatwa nauli mara mbili, hana tiketi, na mfumo wetu unamwambia hajalipa. Alipopiga simu huduma kwa wateja, dada aliyepokea aliangalia kwenye mfumo akaona neno IMESHINDWA, akamwambia kwa upole kabisa kwamba malipo hayajafika. Nilisikiliza ile rekodi. Mteja alikuwa na jumbe mbili za makato mkononi anazisoma kwa sauti.

Resilience4j haikukosea chochote hapo, ilifanya ilichoambiwa, na ndo maana nataka hili lieleweke. Taimauti haikwambii kwamba imeshindwa. Inakwambia hujui. Wewe umeacha kusikiliza, yule wa upande wa pili anaendelea na kazi yake. Na kuna zaidi, ukitumia TimeLimiter na CompletableFuture, njia ya Java ya kuendesha kazi pembeni, ile kazi ya ndani haikatizwi kwa kweli, Java yenyewe ndivyo ilivyo, CompletableFuture ukiifuta tredi iliyokuwa inafanya kazi haishtuki, inaendelea mpaka imalize. Kwa hiyo taimauti za klayenti ya HTTP, ya kuunganisha na ya kusoma, lazima uziweke pia, usitegemee TimeLimiter peke yake.

Tulichofanya ni hivi. Malipo sasa yana hali tatu kwenye databesi yetu, imepita, imekataliwa, haijulikani, na hiyo ya tatu ni hali kamili yenye heshima zake, dada wa huduma kwa wateja anaiona na ana maneno ya kumwambia mteja. Kabla hatujapiga simu ya malipo tunatengeneza ufunguo wa muamala, tunauandika kwenye databesi kwanza, ndo tunautuma pamoja na rikwesti, patna akiona ufunguo aliokwisha kuuona anarudisha jibu lile lile la mwanzo bila kukata tena. Angalia unautengeneza wapi! Tuliukuta kwenye mapitio ya kodi UUID, namba ya kipekee inayozalishwa na programu, inatengenezwa ndani ya ile mbinu inayorudiwa, maana yake kila jaribio linapata ufunguo mpya na kinga yote imeyeyuka. Uwe nje ya Retry. Halafu kuna kazi inayopita kila dakika inachukua zote zenye haijulikani inamuuliza patna kwa ufunguo huo, hii iliishiaje? Patna asiye na ufunguo wa namna hii wala njia ya kuuliza hali ya muamala, simu yake ya kulipa hatuirudii kabisa, mara moja basi.

Na hapa ndo mwisho wa kile Resilience4j inachokifanya, kwa sababu yenyewe inaangalia simu moja. Huduma iliyoungwa na huduma nyingine ina swali lingine kubwa zaidi: kiti umeshashika, hela umeshakata, tiketi imegoma kutoka, je hivyo viwili vya mwanzo unavifanyaje? Huwezi kurudisha nyuma kama databesi moja inavyorudisha, kiti kiko kwa huyu na hela iko kwa yule. Lazima kila hatua iwe na hatua yake ya kufidia, kushika kiti kunafidiwa na kukiachia, kukata hela kunafidiwa na kuirudisha, na unafidia kuanzia ya mwisho kwenda ya kwanza. Wazo si jipya, Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem walilieleza mwaka 1987 wakaliita saga. Na kulikuwa na lugha nzima iliyobeba hilo jambo ndani yake, WS-BPEL 2.0, ya kupanga huduma zinavyoitana, ikawa kiwango cha shirika la OASIS mwaka 2007. Niliifanyia kazi kidogo zamani, XML yake inachosha macho, lakini kwenye hitilafu walifikiri kwa kina kuliko vitu vingi tunavyotumia leo. Unagawa kazi yako kwenye scope, yaani vipande, kila scope ina faultHandlers zake za kushughulikia hitilafu na compensationHandler yake ya kufidia, na fidia inaanza kuwepo pale tu scope inapomalizika salama, kwa sababu kitu ambacho hakijakamilika huna cha kukifidia. Hitilafu ikitokea, kazi zilizokuwa zinaendelea ndani ya hiyo scope zinasimamishwa, na kama hukuandika chochote mwenyewe basi difolti yake ni kufidia zile za ndani zilizokamilika kwa kurudi nyuma kisha kuipandisha hitilafu juu. Difolti! Yaani usipofikiria kitu, kinachotokea ndo kile ungekitaka. Linganisha na fyuzi inayosubiri simu mia.

Kwa Resilience4j hayo yote unayaandika mwenyewe, na kosa ambalo watu wanalifanya, nasi tulilifanya, ni kuweka kurudisha hela ndani ya fallbackMethod. Inaonekana mahali pake kabisa. Lakini Retry na kila kitu cha laibrari hii kinaishi kwenye kumbukumbu ya seva, ukidiploi katikati ya majaribio ya kurudisha hela, au seva ikazimika, yameisha, hakuna anayekumbuka kwamba kuna mtu anadai. Fidia lazima iandikwe kwenye databesi kabla ya kujaribiwa, na irudiwe mpaka ipite, hata kama ni kesho. Sisi tulitengeneza jedwali la hatua, kila safari ya tiketi ina mistari yake, hatua, hali, ufunguo, na mfanyakazi wa nyuma anayezisukuma mbele au kuzirudisha. Imetosha kwa hatua zetu 5. Zingekuwa 12 zenye matawi ningeenda moja kwa moja kwenye vitu kama Temporal, Camunda au Step Functions ya AWS ambavyo vinakumbuka kila hatua vyenyewe. Na panga hatua vizuri, ile isiyofidika iwe ya mwisho, ujumbe wa simu ukishatoka hauurudishi, kwa hiyo kwetu hautoki mpaka tiketi iwe imeandikwa.

Mengine madogo madogo. Anotesheni hazifanyi kazi mbinu ikiitwa kutoka ndani ya klasi ile ile, hiyo ni Spring si laibrari lakini itakupata, hakuna kosa linaloonekana, ulinzi haupo tu. Hali ya fyuzi ni ya kila seva peke yake, una seva 6 una fyuzi 6, moja imekata nyingine bado, mimi naona ni sawa ila kwenye dashibodi inachanganya mwanzoni. Vipimo vyake vinaingia Micrometer, laibrari ya kukusanya vipimo, bila shida, tumeweka kengele kwenye fyuzi kukata na kwenye idadi ya haijulikani zilizozidi dakika 10, na hiyo ya pili ndo imetusaidia zaidi. Toleo la 2 linataka Java 17, kama bado uko 8 utabaki na la 1. Nyaraka zinaeleza kila kipengele ila hazikwambii kipi kitakuuma.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeitoa kwa ajili ya difolti, ile 100 na ile ya kuhesabu kila eksepsheni. Kama huduma yako inasoma tu data kutoka sehemu nyingi na kuziunganisha, hakuna hela wala kitu kinachoshikwa, chukua leo hii, weka Bulkhead kwanza kabla ya fyuzi, utalala vizuri. Kama inakata hela, chukua pia, lakini usiivalishe kwenye simu ya malipo mpaka ule ufunguo wa muamala uwe umeandikwa kwenye databesi na kuna mtu au kazi inayofuatilia zile zisizojulikana. Yule mteja wa 14:02 hela zake zote mbili zilirudi baada ya siku 4, kwa mkono, kwa sababu mfumo haukuwa na mahali popote palipoandikwa kwamba anadai.